Njia nne za reli Uingereza: kung'oa ni rahisi, kurudisha ndiko kwenye kazi

Mhariri,

Naomba nafasi nijibu barua iliyotoka katika ukurasa wenu wa wasomaji, iliyodai kwamba Waingereza wamelalia mali: reli zenye njia nne sambamba, mbili zina shughuli na mbili zinaota majani, na kwamba dawa yake ni kung'oa vyuma na kuviuza. Nusu ya hoja hiyo ni kweli. Njia za namna hiyo zipo. Nusu ya pili ni hesabu iliyokwisha kupigwa huko miaka ya 1960, na bili yake bado inalipwa.

Mfano ulio wazi zaidi uko kusini mwa Wales. Kutoka Cardiff Central kupitia Newport hadi Severn Tunnel Junction kuna kilomita 35 hivi za reli ya njia nne. Mbili ni za treni za haraka, zile za London, Bristol na Manchester. Mbili ni za pembeni, za mwendo wa polepole, zilizotumika kubeba makaa ya mawe yaliyoshuka kutoka mabonde ya Wales na baadaye malighafi na bidhaa za viwanda vya chuma. Mtu akisimama darajani leo ataona treni za abiria zikifuatana kwenye jozi moja, na jozi ya pili ikikaa muda mrefu bila kupita kitu.

Msomaji aliyezoea SGR ya Mombasa–Nairobi au ya Dar es Salaam–Dodoma, ambazo ni njia moja yenye sehemu za kupishana, ana haki ya kuuliza njia nne ni za nini. Jibu si wingi wa treni peke yake. Ni tofauti ya mwendo. Chukua hizo kilomita 35. Treni ya abiria inayokwenda kilomita 145 kwa saa bila kusimama huzimaliza kwa dakika kama 14 na nusu. Treni ya mizigo ya kilomita 97 kwa saa hutumia karibu dakika 22. Kwa hiyo ukiitanguliza ya mizigo, lazima uiache iende peke yake dakika saba zaidi ya nafasi ya kawaida, la sivyo ya nyuma itaikuta. Ukiweka treni ya vituo vingi mambo yanakuwa mabaya zaidi: kila kusimama, ukihesabu kufunga breki, abiria kushuka na kupanda, na kuondoka tena, hula dakika mbili au zaidi. Vituo vitano ni dakika kumi na kitu. Ni daladala mbele ya basi la mkoani katika barabara isiyo na pa kuovateki.

Hii ni sababu mojawapo ya jambo linalomshangaza mgeni: kati ya Cardiff Central na Newport, kilomita 19 za makazi mengi, hakuna kituo hata kimoja. Kati ya Newport na Severn Tunnel Junction, vilevile. Vilivyokuwepo vilifungwa. Serikali ya Wales ilipoachana na mpango wa barabara kuu mpya ya M4 kuzunguka Newport, Juni 2019, iliunda tume chini ya Lord Burns itafute njia mbadala. Ripoti yake ya Novemba 2020 ilipendekeza njia hizo za pembeni ziboreshwe zibebe treni za vituo vingi, na vituo vipya sita vijengwe katika kipande hicho. Juni 2025 serikali ya London ilitenga angalau pauni milioni 445 kwa reli za Wales, na vituo vitano kati ya hivyo vimo katika mpango. Kama mwandishi wa barua ile angesikilizwa miaka ishirini iliyopita, pasingekuwa na cha kuboresha.

Na angesikilizwa kwa urahisi, maana mizigo kweli ilikauka. Kiwanda cha Llanwern, kando ya Newport, kiliacha kuyeyusha chuma mwaka 2001. Tanuri la mwisho la Port Talbot lilizimwa Septemba 2024, na siku hiyohiyo, tarehe 30, mtambo wa mwisho wa umeme wa makaa ya mawe Uingereza nzima, Ratcliffe-on-Soar, ulifungwa. Mizigo iliyozijaza njia hizi kwa zaidi ya karne haipo tena. Anayehesabu treni ataandika sifuri nyingi.

Lakini kuhesabu treni hakukuambii njia ina kazi gani. Njia mbili za ziada huwawezesha mafundi kufunga jozi moja usiku au mwisho wa wiki na kuacha jozi nyingine ikipitisha treni. Huwezesha treni ya mizigo iliyoharibika isogezwe pembeni. Ndiyo maana kati ya jozi na jozi huachwa nafasi pana, futi kumi, sawa na mita tatu hivi, ilhali ndani ya jozi nafasi ni futi sita tu. Mita hizo tatu ndizo zinazompa fundi mahali pa kusimama na kuweka uzio wa muda, treni zikiendelea upande wa pili.

Sasa niende kwenye kinachozuia kuzitumia kesho asubuhi, kwa sababu watetezi nao huwa wanarahisisha. Husema: njia ipo, weka treni. Haiwi hivyo.

Kwanza, njia za ziada si za aina moja. Ziko za mwendo mdogo zilizoruhusiwa kubeba abiria, kama hizi za Wales, na ziko za mizigo tupu. Tofauti ilianzia katika sheria ya 1889, iliyopitishwa baada ya ajali ya treni ya Armagh, Ireland, ya mwaka huohuo. Sheria ile ililazimisha njia za abiria ziwe na utaratibu wa treni moja tu katika kila kipande, pointi (mahali njia inapogawanyika na treni kuhamishwa) na ishara zifungamanishwe ili zisipingane, na treni iwe na breki zinazofunga mabehewa yote kwa pamoja. Njia za mizigo hazikubanwa hivyo. Huko treni ya pili iliweza kuruhusiwa kuingia kipande chenye treni nyingine, dereva akienda kwa kuangalia mbele, na pointi zinazokabili treni, yaani zile treni inazozifikia upande ambao njia inagawanyika mbele yake, hazikuhitaji kufuli. Ukitaka kupitisha abiria, hayo yote lazima yawekwe: kufuli kwenye kila pointi inayokabili treni, vifaa vya kutambua treni mwanzo hadi mwisho, ishara mpya. Kufuli lenyewe lina kipimo chake: fundi akipachika bati la milimita 3.5 kati ya ulimi wa pointi (chuma kinachosogea kuelekeza treni) na reli inayoegemewa, kufuli lazima likatae kufunga. Akipachika la milimita 1.5, lifunge. Pointi iliyokaa miaka bila kuchezeshwa, yenye kutu na mchanga kwenye vikalio vyake, hufeli jaribio hilo bila shida.

Pili, mpangilio. Wales, kama ilivyo kati ya London Paddington na Didcot, njia zimepangwa kwa kazi: za haraka upande mmoja, za polepole upande mwingine, na kila jozi ina ya kwenda na ya kurudi. Kusini mwa London, kwenye reli ya kwenda Basingstoke, kuna sehemu ndefu zilizopangwa kwa mwelekeo: za kwenda mbili zimekaa pamoja, za kurudi mbili pamoja. Ukipanga kwa mwelekeo, treni huhama kutoka ya polepole kwenda ya haraka bila kumgusa mtu. Ukipanga kwa kazi, treni inayohama hulazimika kukata njia ya treni zinazokuja kutoka mbele, isipokuwa kuna daraja la kuivusha juu. Treni ya mizigo ya mita 775 ikipita pointi za kilomita 40 kwa saa, kumaliza tu kupita mahali pamoja, kichwa hadi mkia, huchukua sekunde 70. Ongeza muda wa kupunguza mwendo kabla, muda wa pointi kurudi na ishara kufunguka, tayari umekula dakika tatu au nne za njia mbili au tatu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo reli yenye njia nne na makutano mabaya inaweza kupitisha treni chache kuliko watu wanavyodhani, na pesa za kuiboresha huishia kwenye pointi, si kwenye njia iliyonyooka.

Tatu ni kutu, na hapa nitakaa kidogo, maana ndiko njia isiyotumika inakokuwa hatari.

Mfumo wa zamani wa kutambua treni ni sakiti ya reli. Reli hukatwa vipande kwa viungo visivyopitisha umeme, na katika kila kipande umeme mdogo hupitishwa: unatoka upande mmoja, unapita kwenye reli, unashikilia relei (swichi inayoendeshwa na umeme) upande wa pili. Treni ikiingia, magurudumu na ekseli huunganisha reli mbili, umeme hupita njia ya mkato, relei huachia, ishara ya nyuma hugeuka nyekundu. Uzuri wake ni kwamba ukikatika waya, ikifa betri, ikivunjika reli, matokeo ni yaleyale: relei huachia, nyekundu huwaka. Ubovu hujionyesha kama treni. Kutu hugeuza mambo. Tabaka lake juu ya kichwa cha reli halipitishi umeme huo mdogo, kwa hiyo treni inaingia, magurudumu yanagusa kutu badala ya chuma, relei inabaki imeshikwa, na mwongoza treni anaona njia tupu ambayo ina treni. Hilo ndilo kosa baya kuliko yote katika kazi hii.

Majani yaliyosagwa na magurudumu majira ya kupukutika hufanya vilevile. Tatizo lilizidi miaka ya 1980 zilipokuja treni nyepesi za dizeli zenye breki za diski: treni za zamani, breki zilibana uso wa gurudumu na kuusugua, za diski haziugusi. Ikabidi zifungwe kifaa chini ya behewa kinachochochea umeme upasue tabaka hilo. Kwenye njia zinazopitiwa mara chache kuna dawa nyingine. Sehemu fupi, kama pointi za kuvukia, huchomelewa mstari wa chuma kisichoshika kutu juu ya reli kwa mtindo wa zigizaga. Kwingine hutumika sakiti ya mapigo ya volti kubwa. Siku hizi wengi huweka vihesabu ekseli: kihisio huhesabu ekseli zinazoingia, kingine huhesabu zinazotoka, hesabu zikilingana njia ni tupu. Kutu haikihusu. Ila kina kero yake: hesabu ikivurugika, mfumo haujui kama njia ni tupu au la, na mara nyingi treni ya kwanza lazima ipitishwe kwa mwendo wa tahadhari kuhakikisha. Na dawa ya bei nafuu ambayo bado ipo ni kupitisha treni makusudi, kwa ratiba, isugue reli. Anayeona treni tupu ikipita kwenye njia ya pembeni na kusema ni ubadhirifu, huenda anatazama matengenezo.

Tuje kwenye kung'oa. Sheria ya Usafirishaji ya 1968 iliweka ruzuku kwa shirika la reli la taifa ili liondoe njia na mitambo ya ishara iliyoonekana kuzidi. Ukishamlipa mtu ang'oe, atang'oa. Swindon–Kemble ikafanywa njia moja mwaka 1968. Princes Risborough–Aynho, mwaka huohuo. Sehemu kubwa ya Oxford–Worcester, 1971. Filton Bank ya Bristol, iliyokuwa na njia nne, ikabakizwa mbili mwaka 1984.

Zote hizo zimerudishwa, kwa ukamilifu au kwa sehemu. Princes Risborough hadi Bicester 1998, Bicester hadi Aynho 2002. Oxford–Worcester, kilomita 32 hivi, 2011. Swindon–Kemble, kilomita 20, 2014, kwa pauni milioni 45. Filton Bank ilipata njia zake nne tena mwishoni mwa 2018, na Septemba 2024 kituo kipya cha Ashley Down kilifunguliwa hapohapo, karibu na kile kilichofungwa 1964. Kituo hicho kimewezekana kwa sababu treni inayosimama haimzuii wa nyuma tena.

Piga hesabu ya Swindon–Kemble: pauni milioni 45 kwa kilomita 20 ni zaidi ya pauni milioni 2.2 kwa kilomita. Sasa tazama kilichouzwa. Kilomita moja ya njia yenye reli za kilo 56 kwa mita ina tani 112 za chuma. Tuseme chuma chakavu kinalipa pauni 200 kwa tani: unapata pauni 22,400. Ukiondoa gharama ya kukata, kunyanyua na kusafirisha, kinachobaki hakilipi hata wiki ya kazi ya kurudisha.

Ila nisieleweke vibaya. Chuma chenyewe si cha kulilia. Reli iliyokaa miaka thelathini kwenye mataruma ya mbao yaliyooza haitumiki tena kwa treni za haraka. Ingebidi ing'olewe kwa vyovyote. Gharama ya kurudisha haiko kwenye reli, iko kwenye upana. Njia ya pili ikishaondoka, ile iliyobaki husogezwa katikati ya tuta ili kona zilegezwe na treni ipite mbali na kuta za madaraja na mahandaki. Mahali palipobaki wazi panawekwa makabati ya mitambo ya ishara, mifereji ya zege ya nyaya, nguzo, barabara ya magari ya mafundi. Daraja la chuma lenye sehemu mbili likichakaa hujengwa upya sehemu moja tu. Mitaro ya upande wa pili huziba, na tuta lisilotolewa maji huanza kuporomoka. Miaka arobaini baadaye anayetaka njia ya pili hahitaji reli na kokoto tu. Anahitaji kuhamisha kila kitu kilichowekwa hapo, kurudisha njia ya kwanza ilikokuwa, kisha kubadilisha programu ya ishara. Huko ndiko milioni zinakokwenda.

Kwa hiyo njia isiyohitajika leo ishughulikiwe hivi. Pointi zake zibanwe kwa kibano na kufungwa kwa kufuli, na zamu yake ya kubadilishwa ikifika, iwekwe reli nyoofu. Pointi ndizo zenye mota, vipasha joto vya majira ya baridi na ukaguzi wa mara kwa mara, hivyo hapo ndipo akiba ya kweli ilipo. Miti ikatwe na mitaro izibuliwe kama vile treni zinapita. Reli zikichakaa ziondolewe, sina ugomvi. Lakini kabati lisijengwe palipokuwa na njia, njia iliyobaki isivutwe katikati ila kwa sababu ya lazima, na daraja jipya lijengwe kwa upana wote hata kama nusu yake itabaki kokoto tupu. Tofauti ya gharama wakati wa ujenzi ni ndogo ukilinganisha na kurudi na kreni baadaye.

Kuna anayeuliza: vipi kama haitahitajika kamwe? Zipo kweli. Stockport–Stalybridge hupata treni ya abiria Jumamosi tu, moja kwenda na moja kurudi, zaidi ili kukwepa mlolongo wa kisheria wa kufuta huduma; kituo chake cha Denton kilihesabiwa kuwa na abiria 54, walioingia na kutoka, kwa mwaka mzima wa 2023/24. Hata huko, mizigo inapita. Na utabiri wa matumizi umewaumbua wengi. Settle–Carlisle, kilomita 116 za njia mbili milimani, ilikuwa ikisubiri kufungwa miaka ya 1980. Daraja lake la Ribblehead, la matao 24, lilibakizwa njia moja ili kulipunguzia mzigo. Mwaka 1989 serikali ikaamua reli ibaki. Haikupita miaka mingi ikawa barabara kuu ya makaa ya mawe kutoka bandari ya Hunterston huko Uskoti kwenda mitambo ya umeme ya Yorkshire, hadi ikabidi ishara ziongezwe ili treni zikaribiane zaidi. Kisha makaa yakaisha, njia ikatulia tena. Sasa inabeba abiria, mawe na magogo. Aliyehesabu treni mwaka 1984, 2006 na 2018 angeandika ripoti tatu zinazopingana, na kila moja ingekuwa sahihi kwa mwaka wake.

Jambo la mwisho ni sahihisho. Barua ile ilisema njia nne zinatoka London moja kwa moja hadi Cardiff. Sivyo. Ni nne kutoka Paddington hadi Didcot. Kutoka hapo sehemu kubwa ni mbili, pamoja na sehemu chache za kupishia. Chini ya mto Severn, katika handaki la kilomita saba lililofunguliwa 1886, ni mbili. Ndipo zinakuwa nne tena Severn Tunnel Junction. Njia za pembeni za Wales, hata zikiboreshwa vipi, hazitaongeza treni hata moja ya London mradi handaki ni lilelile. Faida yake ni kwa mtu wa Magor au Llanwern, kati ya Newport na Severn Tunnel Junction, anayetaka kufika kazini Cardiff bila kuingia M4, na mradi uhesabiwe kwa abiria hao.

Msomaji wenu,
Newport, Wales